Kuchoma Njia za Umeme wa Moyo: Hatari Zake na Wakati Zinapojitokeza

Moyo unaodunda bila mpangilio hutibiwa kwa njia kuu tatu: dawa, mshtuko wa umeme unaotolewa kifuani ili kurudisha mapigo katika hali yake, na uchomaji wa sehemu ndogo za nyama ya moyo zinazozalisha au kupitisha umeme usiotakiwa. Njia hii ya tatu madaktari huiita ablesheni. Kifua hakipasuliwi. Mrija mwembamba unaopindika, yaani katheta, huingizwa kwenye mshipa wa damu wa kinena na kusukumwa taratibu hadi ndani ya moyo, kisha ncha yake huunguza au kugandisha mahali palipolengwa. Kovu linalobaki hapo huuzuia umeme usipite, kama tuta linavyozuia maji yasivuke kwenda jaruba la pili.

Afrika Mashariki matibabu ya aina hii huwekwa katika kundi la upasuaji wa tundu dogo, na jina hilo huwafanya wengi waamini kwamba hatari nayo ni ndogo. Kwa wagonjwa walio wengi ndivyo ilivyo. Lakini udogo wa tundu la kinenani hausemi lolote kuhusu kinachofanyika ndani ya moyo, na dhara baya kuliko yote hujitokeza mgonjwa akiwa ameshakisahau kidonda chake.

Uchomaji wa kwanza wa namna hii kwa binadamu ulifanywa mwaka 1981 na Melvin Scheinman huko San Francisco, Marekani. Alipitisha kwenye katheta mshtuko wa umeme wa nguvu kubwa, nguvu iliyoweza kupasua ukuta wa moyo. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 madaktari walianza kutumia mawimbi ya redio, ambayo hupasha nyama joto. Likizidi nyuzi 50 za Selsiasi, sehemu iliyoguswa hufa. Baadaye likaja puto la baridi kali, linaloua nyama kwa kuigandisha. Kwa ugonjwa wa mtetemo wa vyumba vya juu vya moyo, ambapo vyumba hivyo hupapatika mara 350 hadi 600 kwa dakika badala ya kusukuma damu, hatua kubwa ilipigwa mwaka 1998. Michel Haïssaguerre na wenzake wa Bordeaux, Ufaransa, walionyesha kwamba cheche nyingi zinazoanzisha mtetemo hutoka ndani ya mishipa inayoleta damu kutoka mapafuni hadi chumba cha juu cha kushoto. Tangu hapo kazi kuu ya daktari ni kuizungushia midomo ya mishipa hiyo, ambayo kwa kawaida ni minne, pete ya makovu ili cheche zisitoke.

Hatari hazilingani kwa kila mgonjwa, na swali la kwanza ni nini hasa kinachochomwa. Mtu, mara nyingi kijana, ambaye moyo wake huanza ghafla kwenda mbio na kutulia ghafla kwa sababu ya njia ya ziada ya umeme aliyozaliwa nayo, hupata matibabu mepesi. Zaidi ya tisa katika kila kumi hupona, na madhara makubwa ni machache. Hofu kuu kwake ni kuunguzwa kwa bahati mbaya kwa kituo cha katikati ya moyo kinachopitisha umeme kutoka vyumba vya juu kwenda vya chini. Kituo hicho kikiharibika kabisa, atahitaji betri ya moyo. Hilo humpata chini ya mgonjwa 1 katika 100, lakini kwa kijana wa miaka 20 lina uzito wake, kwani betri hubadilishwa kila baada ya miaka kadhaa na kila kubadilisha ni upasuaji mwingine. Upande wa pili kuna mapigo ya hatari yanayotoka vyumba vya chini, hasa kwa mtu ambaye moyo umekwisha kudhoofika; huko kazi ni nzito na hatari ni kubwa zaidi. Mtetemo wa vyumba vya juu uko katikati, na kwa kuwa ndio unaowafikisha wengi katika chumba cha katheta, hatari zake ndizo zinazostahili kuelezwa kwa urefu.

Safari huanzia kinenani, na hapo ndipo madhara mengi hutokea. Mgonjwa hupewa dawa za kuzuia damu kuganda kabla ya matibabu, wakati wa matibabu na baada yake, hivyo tundu la sindano huchelewa kuziba. Damu inaweza kuvilia chini ya ngozi na kufanya uvimbe wenye maumivu. Mara chache ateri iliyo jirani hutobolewa na kufanya kifuko cha damu kinachodunda, au ateri na vena huungana mahali pasipostahili. Damu inaweza pia kuvujia nyuma ya tumbo, na dalili yake ni maumivu ya mgongo au kiuno pamoja na kizunguzungu, bila uvimbe wowote kuonekana. Madhara ya kinena humpata mgonjwa 1 hadi 3 katika 100. Yamepungua kwa sababu rahisi: madaktari wengi sasa huingiza sindano wakiutazama mshipa kwa ultrasaundi badala ya kuutafuta kwa vidole. Mgonjwa naye ana kazi yake, nayo ni kulala chali kwa saa kadhaa bila kukunja mguu.

Kutoka kwenye vena ya kinena, katheta hufika kwanza upande wa kulia wa moyo, ilhali mtetemo huanzia kushoto. Daktari hulazimika kutoboa kwa sindano ndefu ukuta mwembamba unaotenganisha vyumba viwili vya juu. Kwa wagonjwa wengi tundu hilo huziba lenyewe baada ya miezi michache. Lakini sindano ikikosea mwelekeo, au ncha ya katheta ikisukumwa kwa nguvu kupita kiasi, au nyama ikichemka hadi kupasuka, ukuta wa nje wa moyo hutoboka na damu hujaa kwenye mfuko unaouzunguka. Mfuko huo hautanuki upesi. Moyo hubanwa, hushindwa kujaa damu, na shinikizo la damu linaweza kuporomoka ndani ya dakika chache. Dhara hili humpata takriban mgonjwa 1 katika 100 au pungufu, na ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vinavyotokana na matibabu haya. Wengi huokolewa kwa kuwa timu iko pale pale: sindano huingizwa chini ya kidari, damu hunyonywa, na dawa ya kuondoa nguvu ya heparini, ile dawa ya kuzuia damu kuganda, hutolewa. Wachache huhitaji kufunguliwa kifua. Kwa hiyo hospitali isiyo na daktari wa upasuaji wa moyo anayeweza kufika haraka si mahali pa kuchomea chumba cha kushoto, hata kama mitambo yake ni mipya.

Hatari nyingine ni kiharusi. Damu inayotuama katika chumba kinachotetemeka huganda kwa urahisi, hasa kwenye kijifuko cha pembeni, na katheta inaweza kuling'oa donge lililokuwepo. Donge jipya linaweza kujijenga kwenye ncha yenye joto; hata kiputo cha hewa kilichopenya kwenye mrija kinatosha kuziba mshipa wa ubongo. Ndiyo sababu moyo wa mgonjwa mara nyingi huchunguzwa kwa eko, yaani ultrasaundi ya moyo, inayopitishwa kooni au kwa kipimo cha CT kabla ya kuanza, na heparini hutolewa na kupimwa nguvu yake mara kwa mara hadi kazi iishe. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2023, uliounganisha majaribio 89 ya kitabibu yenye wagonjwa zaidi ya 15,000, ulikuta kiharusi au dalili zake za muda kwa takriban wagonjwa 2 katika 1,000. Katika uchambuzi huo huo, madhara ya kila aina yalijitokeza kwa asilimia 4.5 ya wagonjwa, madhara makali kwa asilimia 2.4 hivi, na vifo vilikuwa takriban 6 katika kila wagonjwa 10,000. Miaka ya karibuni ilikuwa na madhara machache kuliko ile iliyotangulia.

Moyo una majirani, na joto halina mipaka. Upande wa kulia, karibu na mshipa wa juu wa mapafu, hupita neva inayoendesha kiwambo, ule msuli mpana wa kupumulia ulio kati ya kifua na tumbo. Puto la baridi likigandisha kupita kiasi, neva hiyo hupooza, nusu ya kiwambo huacha kusogea, na mgonjwa huishiwa pumzi anapopanda ngazi. Kwa kujihadhari, daktari huisisimua neva kwa umeme wakati wa kugandisha, huku msaidizi ameweka mkono juu ya tumbo la mgonjwa akihisi mitikiso. Ikidhoofu tu, kazi husimama. Mkono wa mtu bado una nafasi yake katikati ya mitambo ya gharama kubwa. Wengi wanaopatwa na tatizo hili hupona ndani ya mwaka.

Mishipa ya mapafu yenyewe inaweza kusinyaa kwa sababu ya makovu. Katika miaka ya mwanzo, uchomaji ulipofanyika ndani ya mishipa, tatizo hili halikuwa geni. Sasa huchomwa nje ya midomo yake, na visa vimekuwa vichache. Dalili huja baada ya wiki au miezi: kikohozi kisichokwisha, kuhema, maumivu ya kifua, na kukohoa damu. Katika nchi ambako kifua kikuu ni ugonjwa wa kila siku, mtu anayekohoa damu hupimwa makohozi, na wakati mwingine huanzishiwa dawa kwa kutazama dalili na picha ya kifua tu. Kumpima ni sahihi. Linalokosekana mara nyingi ni swali moja tu: je, amewahi kutibiwa moyo kwa katheta?

Jirani anayeogopwa kuliko wote ni umio, yaani njia ya chakula, ambao hupita nyuma kabisa ya chumba cha juu cha kushoto, umbali wa milimita chache. Joto la ukuta wa nyuma hupenya hadi kwenye umio na kuacha kidonda. Vingi vya vidonda hivyo hupona bila mgonjwa kujua. Kwa wachache sana kidonda huendelea kuchimbika hadi kikaunganisha umio na moyo, na kuanzia hapo bakteria na hewa za njia ya chakula huingia moja kwa moja kwenye damu. Visa vya kwanza vilielezwa katika majarida ya kitabibu mwaka 2004. Utafiti uitwao POTTER-AF, uliochapishwa mwaka 2023, ulikusanya taarifa za matibabu zaidi ya 553,000 kutoka vituo 214 katika nchi 35 na kukuta wagonjwa 138 waliopatwa na tundu hilo, yaani takriban 1 katika 4,000. Waliochomwa kwa joto ndio walioathirika zaidi. Kwa puto la baridi lilikuwa jambo la nadra mno. Karibu theluthi mbili ya waliopatwa walifariki. Miongoni mwa walioachwa bila upasuaji wala kuzibwa tundu kwa kamera, karibu tisa katika kila kumi walikufa. Waliofanyiwa upasuaji, takriban nusu walipona.

Ubaya wa dhara hili umo pia katika muda wake. Katika utafiti huo, nusu ya wagonjwa walianza kuona dalili baada ya siku ya 18, na wengine ilichukua hadi miezi miwili. Kufikia wakati huo mgonjwa ameshatoka hospitali, ameshapanda ndege, ameshaanza kazi. Dalili ya mwanzo mara nyingi ni homa, pengine na kutetemeka kwa baridi. Hufuata maumivu ya kifua, maumivu wakati wa kumeza, kutapika damu, kisha kuchanganyikiwa, degedege au kupooza upande mmoja. Mtu aliyerudi Tanga, Mombasa au Bujumbura baada ya kutibiwa India, akipata homa wiki ya tatu, atapimwa malaria. Malaria isipoonekana atahesabiwa kuwa na taifodi na kupewa antibayotiki, nayo homa inaweza kushuka kwa siku mbili tatu kwa kuwa kweli kuna bakteria kwenye damu yake. Nafuu hiyo inaweza kuwapumbaza mgonjwa na mganga wake kwa pamoja, huku tundu likizidi kupanuka.

Kipimo nacho kina hatari yake. Mtu anayetapika damu au anayeumia anapomeza kwa kawaida hupelekwa kwenye kamera ya tumbo, na kamera hiyo hupuliza hewa ili kutanua njia. Kwa mgonjwa mwenye tundu kati ya umio na moyo, hewa hiyo inaweza kuingia moyoni na kukimbilia kwenye ubongo. Wapo waliokufa kwa namna hiyo. Kipimo kinachotangulia ni CT ya kifua yenye dawa ya kung'arisha mishipa. Ikionekana safi huku dalili zikiendelea, hurudiwa. Tundu likithibitishwa, kinachofuata ni upasuaji wa haraka. Ili kulikwepa dhara hili tangu mwanzo, madaktari hupunguza nguvu na muda wa kuchoma ukuta wa nyuma, vituo vingi huweka kipimajoto ndani ya umio, na mgonjwa hupewa dawa za kupunguza asidi ya tumbo kwa wiki kadhaa.

Nishati mpya imekuja kujaribu kuliondoa tatizo hilo kabisa. Badala ya joto au baridi, mapigo mafupi mno ya umeme hutoboa utando wa seli za moyo, na seli za umio na neva huvumilia zaidi. Marekani iliidhinisha vifaa vya kwanza vya aina hii mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024. Katika kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya 17,000 zilizochapishwa mwaka 2024, madhara makubwa yalikuwa chini kidogo ya 1 katika 100, na hakuna aliyepata tundu la umio, kusinyaa kwa mishipa ya mapafu, wala kupooza kwa kudumu kwa neva ya kiwambo. Hata hivyo, mfuko wa moyo uliendelea kujaa damu kwa baadhi yao na viharusi vilitokea. Hatari mpya nazo zilijitokeza: chembe nyekundu za damu huvunjika zikipigwa mara nyingi mno, na wagonjwa wachache figo zao zilishindwa kwa muda; mshipa unaoulisha moyo unaweza kukakamaa ukichomwa karibu nao.

Kuna hasara nyingine ambazo hazimo katika orodha ya dharura. Mtetemo unaweza kurudi. Miezi miwili hadi mitatu ya mwanzo moyo huwa umevimba kwa vidonda, na mapigo ya ovyo katika kipindi hicho hayamaanishi kwamba matibabu yameshindwa. Baada ya hapo, sehemu kubwa ya wenye mtetemo wa kuja na kuondoka hubaki salama kwa mwaka wa kwanza, ila wenye mtetemo wa kudumu hufanikiwa kwa kiwango cha chini zaidi. Wengi hurudia, na kila kurudia huzibeba upya hatari zote za safari. Makovu yenyewe pia, yakiacha pengo, huweza kutengeneza mzunguko mpya wa umeme unaokwenda mbio na usiosikia dawa kirahisi.

Dawa za kuzuia damu kuganda huendelea kwa angalau miezi miwili au mitatu baada ya uchomaji, kisha uamuzi hufuata umri, shinikizo la damu, kisukari, historia ya kiharusi na udhaifu wa moyo, wala si jinsi mapigo yalivyotulia. Mgonjwa anayejiona amepona na kuziacha mwenyewe hujirudishia hatari ya kiharusi ambayo pengine ndiyo iliyompeleka hospitali. Afrika Mashariki kuna kundi jingine la kuangaliwa kwa makini: vijana na watu wazima ambao mtetemo wao umesababishwa na vali ya moyo iliyoharibiwa na homa ya baridi yabisi. Kwao vali hushughulikiwa kwanza, na warfarini bado ndiyo dawa yao; jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2022 lilionyesha kwamba iliwakinga vizuri zaidi kuliko rivaroksabani.

Je, hatari hizi zinastahili kubebwa? Jaribio la CABANA la mwaka 2019, lenye wagonjwa 2,204, halikuonyesha kwa uhakika kwamba uchomaji hupunguza vifo na viharusi kuliko dawa, ingawa waliochomwa walisumbuliwa kidogo na mtetemo na waliishi kwa nafuu zaidi. Kwa wenye moyo uliodhoofika mambo yalikuwa tofauti: katika jaribio la CASTLE-AF la mwaka 2018, vifo na kulazwa kwa sababu ya moyo kushindwa kazi vilipungua kutoka asilimia 44.6 hadi 28.5. Dawa nazo si salama kabisa. Amiodaroni ikitumiwa miaka mingi huweza kuharibu tezi ya thairoidi, mapafu na ini. Mtu anayehangaishwa na mapigo yake kila wiki ana sababu ya kuingia chumba cha katheta. Asiyehisi chochote na ambaye moyo wake bado una nguvu anapaswa kupewa sababu nzuri kabla ya kukubali.

Uzoefu wa kituo hubadilisha hesabu. Uchambuzi wa matibabu zaidi ya 93,000 nchini Marekani kati ya mwaka 2000 na 2010 ulikuta madhara mengi zaidi kwa madaktari waliofanya chini ya 25 kwa mwaka na hospitali zilizofanya chini ya 50. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam na baadhi ya hospitali za Nairobi hutibu mfumo wa umeme wa moyo, na bado wagonjwa wengi wa ukanda huu hupelekwa India. Popote aendapo, mgonjwa ana haki ya kuuliza daktari anafanya matibabu mangapi kwa mwaka, wangapi wamepata madhara mikononi mwake, na nani atafungua kifua ikibidi.

Na anaporudi nyumbani, karatasi yake ya kuruhusiwa iandikwe tarehe ya uchomaji, aina ya nishati iliyotumika na namba ya simu ya timu iliyomtibu. Aionyeshe kwa kila mganga, muuguzi na mtu wa duka la dawa atakayemwona katika miezi miwili ya mwanzo, hata kama amekwenda kwa homa tu, na akatae kuingizwa kamera ya tumbo kabla ya timu hiyo kupigiwa simu.